Pampu moja, joto huku baridi kule
Jamani hii teknolojia naipenda sana. Kule Helsinki, Finland, chini ya bustani ya Katri Vala kuna mtambo tangu 2006, una mapampu ya joto yanayotoa joto na baridi kwa mpigo, yaani yananyonya joto kwenye maji yaliyotoka kupoza maofisi, gesi iliyo ndani ya pampu inalibeba, kompresa inaikandamiza gesi hiyo mpaka inapata moto, halafu joto hilohilo linaingia mabomba ya kupasha nyumba za watu, na majira ya baridi joto wanalitoa hata kwenye maji taka yaliyosafishwa. Umeme uleule, kazi mbili!

Sasa huku kwetu pwani hoteli kibao AC zinatema joto nje mchana kutwa na ndani heta za umeme zinachemsha maji ya kuoga. Inaniuma kweli. Wenye hoteli, hilo joto lipelekeni kwenye tangi la maji, bili itashuka.