Forester ya tabo: krenki inabaki ya milimita 75

Injini imeshuka na bloku imefunguliwa. Nusu zake mbili ziko juu ya benchi kwa fundi wangu Kizota. Nilichotakiwa kuamua kabla ya kununua hata gasketi ni hiki: niigeuze stroka, yaani niiwekee krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) yenye mwendo mrefu zaidi, au nibaki na vipimo ilivyotoka navyo kiwandani?

Kwa anayeanza kuufuatilia mradi huu leo: gari ni Subaru Forester SG5 ya manyuo, injini EJ205, boksa (silinda zimelala, mbili kila upande) ya silinda nne yenye tabo, cc 1994, nguvu za farasi 220 ilipokuwa mpya. Silinda zina upana wa mm 92, na pistoni inatembea mm 75. Ilianza kula oili, na tulipopima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, silinda namba nne ilikuwa chini sana kuliko wenzake.

Ndani tumekuta mambo mawili. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) namba nne imelika mpaka shaba imeanza kutokeza. Ukiigeuza kwenye mwanga unaona mstari mwembamba mwekundu upande unaobeba mzigo. Krenki yenyewe imepona, ukipitisha ukucha haunasi popote, na maikromita inasema bado ni duara safi. La pili lilikuwa kwenye bomba la hewa kati ya filta na tabo. Mpira wake una ufa chini ya klipu, mahali ambapo huoni mpaka ulitoe. Nilipopitisha kidole ndani kikatoka na vumbi jekundu, laini kama unga wa ulezi. Aliyeendesha Dodoma kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba analijua vumbi hilo. Limekuwa likipita pembeni ya filta na kusugua kuta za silinda kila siku, kwa hiyo bloku lazima ichongwe, stroka au isiwe stroka.

Hapo ndipo fundi aliponiambia, "Kaka, ikishakuwa wazi ndiyo nafasi yake. Ukiifunga leo hutaifungua tena."

Hoja yake nzito. Krenki ya EJ25, ile injini ya cc 2457, ina mwendo wa mm 79, na inakaa kwenye bloku ya EJ20, familia ya EJ205 yangu, kwa sababu jonali (sehemu za krenki zinazokaa ndani ya beringi) kuu zote ni mm 60 na za konrodi ni mm 52. Cha kuangalia ni beringi inayoizuia krenki isicheze mbele na nyuma: kwenye bloku za zamani ilikuwa katikati, kwenye EJ205 iko mwisho, upande wa klachi, na krenki unayoleta lazima ifanane. Ukiifunga unapata kama cc 2100. Moshi unaoisukuma tabo unaongezeka kwa mizunguko ileile, kwa hiyo tabo inaamka mapema. Na ugonjwa wa gari hii uko hapohapo. Ukitoka Mtera kwenda Iringa, ukaanza kupanda Nyang'oro nyuma ya lori, chini ya mizunguko 2,500 kwa dakika gari imelala kabisa. Unakanyaga, unasubiri, nafasi ya kupita imeshapotea.

Nikachukua kalamu. Kutoka mm 75 kwenda 79 ni ongezeko la asilimia 5.3. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa hapa ni kama kPa 89 badala ya 101 wa Dar es Salaam. Yaani kabla tabo haijaamka, injini imeshapoteza kama asilimia 12 ya hewa yake. Stroka inarudisha chini ya nusu ya hiyo.

Tabo ikiamka, hesabu inazidi kukaza. Kuijaza manifoldi (njia ya hewa ya kuingia kwenye silinda) mpaka kPa 180, tabo ikiwa Dar inaizidisha hewa mara 1.8; hapa ni zaidi ya mara 2. Inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi kabla ya kufika intakula, yaani kipoza hewa. Sasa tabo ndogo ya kiwandani, iliyokwisha kubanwa na mwinuko, unaiongezea injini yenye kiu zaidi. Itaamka mapema, ndiyo, lakini itaishiwa pumzi mapema pia. Ukiweka tabo kubwa ili ilingane na stroka, usingizi wa chini uliokuwa unaukimbia umeurudisha kwa fedha yako mwenyewe.

Halafu kuna pistoni. Mwendo ukirefuka mm 4, pistoni inapanda mm 2 zaidi. Konrodi ni ya mm 130.5 kwenye injini zote mbili, hivyo pini lazima ipandishwe mm 2 ndani ya pistoni, la sivyo inaigonga hedi, kifuniko cha silinda. Pistoni za EJ20 za kawaida hazifai tena. Ni za kuagiza maalumu. Nilipojumlisha pistoni, krenki na ushuru, nikapita bei ya injini nzima iliyotumika niliyoulizia Ilala. Na bloku ya EJ205 iko wazi juu, silinda zimesimama bila kushikwa pembeni. Krenki ndefu inazidisha pistoni kuegemea ukuta wa silinda. Kwenye joto la hapa, na petroli isiyo ile ya oktani 100 waliyonayo Wajapani, sitaki kuuongezea ukuta huo kazi.

Kwa hiyo krenki inabaki ileile, isuguliwe tu ing'ae. Bloku imeenda kwa fundi kerezo Gerezani, Dar, kuchongwa hadi mm 92.5. Nilimchagua kwa sababu moja: kabla ya kuchonga anaunga nusu mbili za bloku na kufunga bamba nene juu yake kwa boliti za hedi, ili silinda ijipinde kama itakavyojipinda ikiwa kazini. Bila bamba hilo, silinda inakuwa duara mezani na yai kwenye gari. Pistoni za foji (zilizofuliwa) za saizi hiyo zinapatikana bila kuagiza maalumu, na injini itakuwa cc 2016.

Fedha iliyobaki inaenda kwenye oili: pampu mpya, mrija mpya wa kunyonya kwenye sampu (beseni la oili) kwa kuwa ule wa kiwandani unajulikana kwa kupasuka, beringi mpya, na kichujio kidogo kilicho kwenye boliti ya njia ya oili ya tabo, ambacho kikiziba tabo inakauka. Bomba la hewa nimeshanunua la silikoni. Kontroboksi, kompyuta ya injini, itapangwa upya hapahapa Dodoma, kwenye hewa ambayo gari itaishi nayo, si Dar.

Fundi hajafurahi sana, ila amekubali. Bloku ikirudi tunapima mapengo ya beringi, namba zote nitaziandika hapa.