Natalia Almada na kaseti ya babu yangu

Mjomba alipohama nyumba hapa Ngamiani aliniletea mfuko wa rambo una kaseti saba, akasema wewe ndo mtu wa mavideo, chukua, la sivyo nazitupa. Moja imeandikwa kwa peni "Mzee Korogwe". Ni sauti ya babu. Mjomba alimrekodi miaka ya 1990 kwa redio kaseti, babu anasimulia alivyotoka Songea kuja Tanga kama manamba, alivyokata mkonge, alivyopanda cheo akawa nyapara, alafu upande wa pili ukifika katikati sauti inakatika inaingia taarab mpaka mwisho, mtu karekodi juu yake. Nililia, sisemi uongo.

Sasa kuna dada wa Mexico anaitwa Natalia Almada, msanii wa picha na muongozaji wa dokumentari, nilikuwa nimeangalia kazi zake kidogo huko nyuma ila baada ya ile kaseti nikazirudia zote nilizoweza kupata. Kwa sababu yeye na kaseti za nyumbani wanajuana vizuri. Bibi yake aliacha kaseti alizojirekodi mwenyewe akimkumbuka baba yake, na baba yake huyo ni Plutarco Elías Calles, rais wa Mexico 1924 mpaka 1928, jenerali wa mapinduzi, mtu ambaye hata alipotoka madarakani aliendelea kuishika nchi kwa nyuma mpaka 1936 alipofukuzwa uhamishoni. Enzi yake serikali ilipigana na Wakatoliki kuanzia 1926 mpaka 1929 watu wakafa wengi sana. Chama alichokianzisha 1929 kilikuja kubadilishwa majina lakini kiliishika nchi mpaka 2000. Vitabuni wanamwita dikteta. Kwenye kaseti bibi anamwita baba.

Natalia ni kitukuu wake. Akazichukua zile kaseti akatengeneza El General, 2009, na tamasha la Sundance kule Marekani likampa tuzo ya uongozaji. Kilichonishika mimi ni kwamba hamtetei mzee wala hamsulubishi, anaacha sauti ya bibi inasitasita, anaweka picha za zamani, alafu anakuingiza kwenye mitaa ya Mexico City ya sasa kwa wachuuzi na watu wanaohangaikia mkate wao, wewe mwenyewe unajiuliza yale mapinduzi yaliwafikia hawa au hayakuwafikia. Nimeiangalia mara tatu.

Na watu wa Tanga tusijifanye Mexico ni mbali. Mkonge wenyewe umetoka huko, Yucatán, jina sisal ni la bandari ya huko. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ndo ilozaa yale mashamba yote unayoyaona ukiwa kwenye basi kuanzia Muheza mpaka Korogwe, na ndo ilomleta babu, kwaiyo ndo ilonileta na mimi.

Nirudi kwa Natalia. Alisomea upigaji picha mpaka shahada ya uzamili kwenye chuo cha sanaa cha Rhode Island, na inaonekana, fremu zake zimetulia kama picha za ukutani. Filamu yake fupi ya 2001 ilikuwa kuhusu dada yake aliyekufa maji akiwa mtoto mdogo, yani alianzia kwenye msiba wa nyumbani kwao kabla ya kwenda kwa watu. 2005 akatoa Al otro lado, kijana mvuvi wa Sinaloa, jimbo la Mexico, anayetunga corrido, zile nyimbo za kusimulia visa vya watu, samaki hakuna hela hakuna, anawaza avuke mpaka kwenda Marekani kwa njia ya panya au aingie kwenye madawa. Mi nikiwaangalia vijana wa Sahare wanavyovuta ngalawa asubuhi na ndoo nusu, ile filamu naielewa bila tafsiri.

Ila ninayoipenda kuliko zote ni El Velador, 2011, ilionyeshwa mpaka tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa. Velador ni mlinzi wa usiku. Makaburini Culiacán, huko Sinaloa, wakubwa wa madawa wanajengewa makaburi kama nyumba, ya ghorofa, yana kuba na marumaru, na mlinzi anakuja jioni anakaa anamwagia maji vumbi. Basi. Hakuna damu hata tone, hakuna mtu anayeeleza kitu, unasikia taarifa za mauaji kwenye redio na tivii huku mafundi wanachanganya saruji kwa ajili ya anayefuata, mjane kijana anapiga deki marumaru ya mumewe. Angeweza kuonyesha maiti, magazeti yalikuwa yamejaa maiti. Yeye akasubiri na kamera.

2012 wakampa ile ruzuku ya MacArthur, ya Marekani, wanayopewa watu wenye vipaji, dola 500,000 kwa miaka 5. Alitengeneza pia filamu ya kuigiza 2016, alafu Users ya 2021 kuhusu mama anayewaza teknolojia inavyomlelea mtoto, Sundance wakampa tuzo ya uongozaji tena.

Mimi kazi yangu ni harusi. Kwenye shughuli za kina mama wanaume hawaingii kwaiyo wanataka mwanamke ashike kamera, na kazi yenyewe ni haraka, bibi harusi anaingia, kata, keki, kata, mashoga wanatunza, kata. Kusubiri sikuwa nakujua. Juzi jumamosi nikaenda Korogwe kwa bibi, ana miaka themanini na kitu, nikaweka kamera kwenye stendi pale barazani nikamsikilizisha kaseti ya babu mpaka pale taarab inapoingia. Kuna kitu nilikuwa nataka kumuuliza muda mrefu. Mzee mmoja wa kambini aliwahi kuniambia babu yako alikuwa mkali, kipande, ile kadi ya kazi, kilikuwa na siku 30, humalizi ngwe, yani kazi uliyopimiwa ya siku, nyapara haweki alama, na kisipojaa mshahara huuoni, na babu alikuwa hana huruma kwenye alama. Kwetu babu ni mtu aliyekuwa anatubebea miwa.

Nikamuuliza bibi. Akasema, "Hayo wayatakia nini mjukuu wangu?" Akanyamaza. Zamani ningezima au ningeuliza swali lingine. Nikaacha. Kuku wakapita, pikipiki ikapita, jirani akaja akasalimia akaondoka, bibi anakunja tu upande wa kanga yake anaukunjua. Kamera inaonyesha dakika kumi na moja.

Alafu akasema, "Mwanamke mmoja wa Kimakonde alikuja usiku kumwombea mumewe alama mbili. Babu yako alikataa. Mimi nikamfungia unga kwenye kitambaa nikampitishia mlango wa uani, na babu yako hakujua mpaka anakufa."