Linanukia tu?

Wiki hii Baba Zawadi amepata barua ya uhamisho wa kwenda Handeni, tumemzika babu kule Soni, na mitihani ya muhula imeanza shuleni. Ila kinachonizunguka kichwani tangu Jumapili ni maneno ya wifi.

Mnamjua, wifi yangu anayelima viazi. Alipita jioni akitokea gulioni, nikamkaribisha chai barazani. Ile datura nyeupe ya ukutani ndiyo ilikuwa inaanza kunukia. Akaiendea, akasimama pale kidogo, kisha akauliza:

"Wifi, hili ua lina kazi gani?"

"Linanukia."

"Linanukia tu?"

"Linanukia tu."

"Haya. Una raha wewe."

Akamaliza chai, akaaga, akaondoka.

Una raha wewe. Nimeyasikia tena nikiosha vyombo, nimeyasikia nikisimamia mtihani, nimeyasikia Soni makaburini, Mungu anisamehe. Mara yanakuja kama kijembe: wewe una mshahara, una udongo wa kuchezea. Mara yanakuja bila kijembe chochote. Na kila nikirudi mwanzo naishia palepale, alipouliza mara ya pili, kana kwamba nimemficha jibu.

Basi jibu lenyewe ni hili, wifi. Huu mti ni ndugu wa viazi vyako. Ukoo wao ni mmoja, pamoja na nyanya, hoho na tumbaku, na asili yao wote ni Amerika. Si ule mnanaha unaoung'oa shambani, wenye maua ya kutazama juu na matunda ya miiba. Huo ni binamu. Haya yangu yanatazama chini, na huko kwao Amerika Kusini hayaonekani tena porini. Aina zote zinazojulikana zimebaki kwenye bustani za watu. Yapo duniani kwa sababu mtu alikata kijiti akampa jirani, jirani akampa mwingine, na wengine wao walikuwa wanataka harufu tu. Hiyo si kazi ndogo.

Nilikuwa na hasira kweli nilipoyapanga haya, jana usiku, nikiwa nje na tochi. Kisha ua moja likanisahaulisha. Lilikuwa limefunga asubuhi, limejikunja kama mwavuli. Sasa mdomo ulikuwa wazi, ncha zake tano zimepinda kwa nje, na mishipa ya kijani hafifu inapanda hadi kwenye kikonyo. Nondo mkubwa akaja, akasimama hewani mbele yake mabawa yakitetemeka, akaingiza ule mrija wake mrefu. Harufu ilikuwa imejaa hadi sebuleni. Asubuhi ukinusa hukuti hata nusu yake; imehifadhiwa kwa ajili ya wageni wa usiku.

Hapo ndipo nikakumbuka mkono wa wifi. Kabla hajauliza lolote, alilishika ua kwa chini, kiganja wazi, bila kulivuta, akainamisha uso. Alikaa hivyo muda. Na alikuwa ametoka kuuza lumbesa, yale magunia ya kujaza kupita kiasi, kwa bei ya kutupa, baada ya ugonjwa wa bakajani kumaliza nusu ya shamba. Mtu aliyechoka hivyo akisema una raha, huenda anamaanisha raha.

Nimemkatia kijiti. Nimechukua juu ya panda, pale shina linapogawanyika, maana cha chini ya panda hukawia kutoa maua hadi nacho kigawanyike. Kiko kwenye kopo lenye udongo na samadi iliyooza, kivulini. Kikishika mizizi nitampelekea, na nitamwambia yote: maji kila siku wakati wa kiangazi, achunguze utitiri chini ya majani, na mti wote ni sumu, jani, ua hata mbegu. Apande mbali na mbuzi. Wajukuu wasichezee maua. Akishakata matawi anawe mikono kabla hajagusa macho, kwa sababu utomvu wake hutanua mboni na mwanga ukawa unaumiza. Ndani yake mna atropini, dawa ileile inayotumiwa na madaktari wa macho. Mimi kila asubuhi naokota yaliyoanguka kabla Zawadi hajaamka, na matawi ya chini nimeyaondoa yote.

Nikimaliza kumweleza, akiamua hataki, nitarudi nacho. Lakini ningependa akitake.

Mama hajapokea simu tangu jana mchana. Kaka anasema umeme umekatika Korogwe nzima na simu yake itakuwa haina chaji. Inawezekana. Ila vidonge vyake vya presha vilikuwa vinaisha wiki hii, na yeye si mtu wa kusema. Kesho saa kumi na mbili nampigia jirani yake wa dukani.