Springi fupi kwenye gari la umeme

Magari mengi ya umeme hutoka kiwandani yakiwa yamekaa juu kuliko umbo lao linavyostahili, na ile nafasi tupu kati ya tairi na ukingo wa bodi humkera kila apendaye gari lililotulia barabarani. Mimi ni mmoja wao. Nimelishusha langu kwa springi zisizo za kiwandani na nimeridhika nalo, ila naandika haya kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kuhusu kazi hii umerithiwa kutoka kwenye magari ya petroli, ilhali gari la umeme ni zito zaidi na limebeba betri tumboni.

Wenye magari ya petroli hushusha bodi ili kuteremsha kitovu cha uzito. Gari la umeme limelaza betri ya kilo mia kadhaa chini ya sakafu, kwa hiyo kitovu hicho kiko chini tangu mwanzo, na milimita 25 za ziada hazikibadilishi sana. Kinachosikika kwenye kona ni ugumu wa springi mpya, unaopunguza kulala kwa bodi. Faida nyingine ni ya upepo: upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 120 unakuwa umeongezeka mara 4, na gari lililokaa chini hupunguza hewa inayopita chini ya sakafu pamoja na sehemu ya tairi inayopigwa na upepo. Ndiyo maana Tesla Model S yenye springi za hewa huweza kujishusha yenyewe inaposhika mwendo wa barabara kuu. Anayeendesha mjini asitarajie betri idumu zaidi, na anayefunga rimu pana siku hiyohiyo huenda akaipoteza hata ile nafuu ndogo aliyoipata.

Jambo ambalo ningependa kila mtu alielewe kabla ya kununua ni nafasi ya gurudumu kupanda. Chukua kona moja ya gari inayobeba kilo 400, na tuseme gurudumu lina milimita 80 za kupanda kabla ya kugota kwenye raba ya kizuizi. Ukilishusha kwa milimita 30, zinabaki 50. Nishati ambayo springi inaweza kuimeza, mbali na uzito ambao tayari imeubeba, hufuata mraba wa nafasi hiyo. Kwa hiyo springi yenye ugumu uleule sasa inameza chini ya asilimia 40 ya kile ilichokuwa ikimeza. Ili kuurudisha uwezo wote, ugumu ungepaswa kuzidishwa zaidi ya mara 2.5, na gari lingekurusha kama mkokoteni. Hakuna mtengenezaji makini anayefanya hivyo. Huongeza ugumu kwa kiasi, mara nyingi kwa kusuka mizunguko ya upande mmoja karibukaribu ili springi izidi kukaza kadiri inavyobanwa, na kazi inayobaki huachiwa raba. Ukizidisha kushusha, raba hiyo ndiyo itakayokuwa springi yako kwenye kila shimo.

Kwa sababu hiyo naona milimita 20 hadi 25 zinatosha kwa mtu anayebakiza shokapu za kiwandani. Ugumu ukiongezwa kwa asilimia 20, kona ile ya kilo 400 iliyokuwa ikicheza kama mara 1.4 kwa sekunde itacheza kama mara 1.5, na shokapu nzima huimudu tofauti hiyo. Zaidi ya hapo, nunua shokapu zilizotengenezwa kwa ajili ya springi hizo. Kampuni za Kijerumani kama Eibach na H&R huorodhesha springi kwa kila toleo la gari, na orodha hiyo ifuatwe kikamilifu, kwani gari la mota mbili na la mota moja hayalingani uzito hata kama bodi ni ileile. Kukata springi za kiwandani kwa msumeno sikubaliani nako hata kidogo: ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, na gurudumu likining'inia springi inaweza kulegea na kuhama.

Katika kazi yenyewe, hatua inayorukwa sana ni ya bushi, yaani viungo vya raba vinavyoshika mikono ya magurudumu. Raba ya bushi nyingi za mikono imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje. Haizunguki, bali hujisokota. Nati zikikazwa gari likiwa juu na magurudumu yakining'inia, siku zote gari likiwa chini raba itakuwa imesokotwa, bodi itakaa juu kidogo ya ilivyokusudiwa, na bushi itapasuka mapema. Fundi wangu alizikaza nati kwa mkono tu, akaweka jeki chini ya mkono wa gurudumu, akainua huku akipima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi mpaka kipimo kikafika mkao mpya, ndipo akachukua spana ya kupimia nguvu. Alikuwa ameshachora mstari wa chaki unaopita kwenye bushi na mkono. Gari liliposhushwa, mstari ulibaki umenyooka.

Gari likishuka, vichwa vya magurudumu huinamia ndani, na watu hulaumu mwinamo huo tairi zikiliwa upande mmoja. Mara nyingi mla tairi mkubwa ni mwelekeo: gurudumu lisilotazama mbele sawasawa hukokotwa kiubavu safari nzima, chini ya gari zito lenye mota inayotoa nguvu papo hapo. Fanya alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, mara baada ya kufunga, kisha uirudie springi zikishatulia.

Taa za mbele zinazojirekebisha husoma kimo cha gari kupitia kihisio kilichounganishwa na mkono wa gurudumu, kwa hiyo kihisio hicho kifundishwe kimo kipya, na kamera ya kioo cha mbele isawazishwe upya pale kitabu cha gari kinapoagiza. Jeki iwekwe kwenye sehemu zake maalumu tu, kamwe si chini ya kasha la betri. Kisha pima nafasi iliyobaki kati ya kasha hilo na ardhi viti vyote vikiwa na watu na buti ikiwa na mizigo, kwa kuwa gari hupanda matuta likiwa na uzito huo wote.