Pilipili boga za kujaza kwa moto wa juu na chini: mradi ulipofikia

Lengo la mradi ni lilelile: pilipili boga (hoho, kwa walio bara) za nyama na mchele ziokwe kwa makaa, na ziive sawasawa na za oveni. Oveni ninayo, ila majirani zangu wengi hapa Unguja wana seredani, sufuria na bati, basi. Na mkate wa kumimina tumeuoka kwa moto wa juu na chini (makaa chini ya sufuria, na mengine juu ya bati linaloifunika) tangu enzi za bibi zetu, kwa hiyo sioni kwa nini pilipili zishindikane.

Safari hii nimeshughulika na jambo moja, nalo ni maji. Pilipili ina maji yake, tungule zina maji, nyama ikishika moto inatoa maji, na mchele ndio unaoyanywa yote hayo. Ukishayapanga maji, kilichobaki ni viungo na subira.

Nimepika kwa njia mbili ili nilinganishe. Kwanza, nyama iliyokwisha kaangwa pamoja na wali ulioiva, ndivyo wanavyofanya Wamarekani wengi. Pili, nyama mbichi na mchele ambao haujaiva, njia iliyo karibu na dolma, mboga za kujaza za Waturuki. Ile ya kwanza inamfaa mwenye haraka, lakini ukiikata inamwagika sahanini, nyama huku, wali kule. Ya pili inakatika pande zima. Nyama ya kusaga ikiwa mbichi hushikana yenyewe inapoiva, na supu yake inaingia kwenye mchele badala ya kukaukia kwenye kikaango. Kwa ladha pia hazikaribiani. Nimeshaamua, nyama inaingia mbichi.

Mchele mbichi kabisa ndio unaosumbua, kwa sababu makaa hayatoi moto wa kipimo kimoja na punje za katikati hubaki ngumu. Wifi yangu aliyeolewa Maskati, ambaye mahshi (mboga za kujaza za Waarabu) anaipika mara kwa mara, aliniambia kwa simu: “Wifi, mchele uchemshe ubaki na kiini, usizidi hapo. Ukiuivisha utapakua bokoboko.” Basi nauchemsha kama dakika tano kwenye maji mengi yenye chumvi, kisha nauchuja. Punje ukiibana kwa kucha inakatika, na katikati yake unaona kidoa cheupe. Hapo hapo ndipo pa kuutoa. Mchele wa Kyela naupendelea kuliko basmati kwa kazi hii, una harufu yake na unashikana kidogo.

Kwa pilipili 6 kubwa natumia nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mafuta kiasi, mchele robo tatu ya kikombe, kitunguu kikubwa kimoja kilichokaangwa mpaka kilainike, tungule 2 za kukuna, thomu, bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini wa kunusia tu, na kotmiri nyingi. Changanya kwa mkono, usikande. Ukikanda nyama inakuwa ngumu kama kababu iliyochelewa motoni. Jaza mpaka ibaki nafasi ya kidole kimoja juu, maana mchele bado utafura.

Kuhusu kuchagua pilipili sokoni Darajani: tafuta zenye vitako vinne, yaani vile vivimbe vya chini, zinasimama zenyewe ndani ya sufuria. Kuna maneno yanayozunguka kwamba za vitako vitatu ni dume na za vinne ni jike. Si kweli. Ua la pilipili lina sehemu za kiume na za kike humo humo, na idadi ya vitako inatokana zaidi na aina ya mbegu. Nyekundu ni tamu zaidi kwa sababu imekomaa, ila ya kijani ina nyama ngumu na inahimili moto mrefu bila kuporomoka. Kwa makaa nashika ya kijani.

Sasa moto wenyewe. Pilipili nazikata kifuniko, natoa mbegu, nazipaka mafuta na kuziweka tupu, mdomo chini, kwenye sufuria kavu yenye moto wa juu kwa dakika kumi hivi. Zinatoa jasho na ngozi inaanza kujikunja. Hatua hii wengi huiruka, lakini ndiyo inayopunguza uchungu wa kijani na kuzuia ujazo usilowe. Baada ya hapo nazijaza, nazisimamisha zikibanana, namimina rojo jepesi la tungule kina cha vidole viwili, nafunika bati na kupalia makaa: machache chini, mengi juu. Chini rojo lichemke taratibu tu. Ukisikia linachachatika kwa nguvu, punguza makaa.

Zinachukua kama saa moja, na makaa ya juu huwa nayaongeza katikati ya safari. Zikikaribia kuiva nafunua, nanyunyizia chenga za boflo kavu zilizochanganywa na samli, narudisha bati na makaa mapya. Chenga zikigeuka rangi ya dhahabu, epua. Kwa oveni ni nyuzi 180, muda karibu ule ule. Mwenye kipimajoto cha nyama asubiri katikati ifike nyuzi 71, kwani nyama ya kusaga haitaki kubahatisha.

Ziache zitulie robo saa kabla ya kupakua, rojo linarudi ndani. Zilizobaki zitie friji mapema, zisilale mezani. Wali uliokaa nje muda mrefu unaweza kuwa na sumu ya vijidudu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto.

Kinachofuata ni nguru badala ya nyama. Samaki hana mafuta ya kulisha mchele kama ng'ombe, kwa hiyo nafikiria kuuchemsha mchele kidogo zaidi na kumalizia rojo kwa tui zito, litiwe mwishoni lisije likakatika. Mwenye kuwahi kujaribu nguru kwa moto wa juu aniambie alitoa miiba vipi, nami nitaanza na pilipili mbili tatu kwanza.