Roboti laini, pesa za jeshi, na swali la mlango

Kila video ya roboti laini, ile iliyoundwa kwa mpira au silikoni badala ya chuma, inapozunguka kwenye simu, mabarazani Unguja na Pemba utasikia maneno yaleyale: kinatisha, kitapita chini ya mlango, kiueni mapema. Wengine humtaja popobawa, jini anayeogopwa visiwani, maana naye alisemwa kuwa hubadilika umbo na mlango haumzuii. Sioni sababu ya kuwabeza. Hofu yao ina haki, ila imekaa kwenye umbo, na umbo ndilo dogo katika mambo yote haya.

Oktoba 2009 kampuni ya iRobot na Chuo Kikuu cha Chicago walionesha dude la mpira lisilo na miguu, linalovimba upande mmoja kisha likajiviringisha. Pesa zilitoka DARPA, idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, chini ya mradi ulioitwa ChemBots. Shabaha ilisemwa wazi: chombo kijipenyeze kwenye tundu dogo kuliko mwili wake, kikiwa na mzigo, halafu kirudie umbo lake. Miezi michache kabla, Julai, zilizuka habari kwamba roboti nyingine iliyolipiwa na DARPA, EATR, ingekula maiti vitani, hata kampuni zilizoiunda zikalazimika kutoa tamko kwamba inakula mimea tu. Watu wakashughulika na tumbo la roboti. Nani angeituma, na kwenda kufanya nini, likabaki nyuma.

Lile dude la Chicago halina uchawi. Ngozi yake ina vijifuko vyenye chembechembe. Hewa ikinyonywa, chembe zinabanana na kifuko kinakuwa kigumu. Hewa ikirudi, kinalegea. Katikati mna sehemu inayovimba, basi palipolegezwa ndipo uvimbe unapotokea, na vijifuko vikipokezana dude linajiviringisha. Mwaka 2010 Chicago, Cornell na iRobot walitumia kanuni hiyohiyo kutengeneza kiganja cha kushikia vitu, na chembe zenyewe zilikuwa kahawa iliyosagwa.

Kiganja hicho kinaweza kutengenezwa hapahapa. Inatakiwa puto nene, kahawa kavu iliyosagwa chengachenga, mpira mwembamba wa hewa, kipande cha kitambaa cha kuchujia na bomba la sindano la mililita 60. Puto lijae lakini bado libonyee: likikaza halitakumbatia kitu, likipwaya litaning'inia tu. Kitambaa kifungwe kwenye ncha ya mpira inayoingia putoni, la sivyo unga utavutwa hadi kwenye sindano, na kama unatumia pampu utaiua. Kandamiza puto juu ya yai bichi, vuta hewa, inua. Adui wetu ni unyevu. Kahawa iliyokaa wazi wakati wa masika hushikana madonge na haibanani sawasawa, kwa hiyo ikaushwe kwanza kwa moto mdogo, ipoe kabisa, ndiyo ijazwe. Sarafu iliyolala bapa mezani kiganja hakitaishika, kwa kuwa puto halipati pa kuzungukia. Pamba nayo hakitaishika.

Njia ya pili ni silikoni. Kundi la George Whitesides pale Harvard lilionesha mwaka 2011, nalo kwa pesa za DARPA, roboti ya miguu minne iliyojipenyeza chini ya kioo kilichoinuliwa sentimita 2. Silikoni laini kama Ecoflex 00-30 huja katika chupa mbili, A na B, zinazochanganywa sawa kwa sawa, hutolewa mapovu kwa pampu, kisha humiminwa kwenye kalibu. Maelezo ya kiwandani yanakupa dakika 45 za kuifanyia kazi na saa 4 za kukamata, lakini hesabu hiyo ni ya chumba cha nyuzi 23. Kwenye joto letu la Januari inakamata mapema zaidi. Zipoze chupa kabla ya kuchanganya. Glovu za mpira wa kawaida zisitumike, salfa iliyomo huizuia silikoni isikamate na inabaki ikinata. Povu moja likisalia ukutani, hapo ndipo patakapopasuka: ukuta mwembamba huvimba kuliko kwingine, na kila unapovimba unazidi kuwa mwembamba.

Sasa mlango. Wavuvi wa pweza wa Kizimkazi na Kisiwa Panza wanalijua jibu. Pweza hana mfupa, hivyo hupenya tundu lolote linalopitisha mdomo wake mgumu. Roboti laini nayo ina mdomo wake: pampu, valvu na betri. Ile ya Harvard ilipita sentimita 2 kwa sababu pampu ilibaki nje, na mipira ya hewa ikaburutwa nyuma. Mwaka 2014, kundi hilo lilipoibebesha kompresa na betri mgongoni, ilifikia urefu wa sentimita 65. Ikatembea kwenye theluji, ikakanyagwa na gari na bado ikaendelea. Chini ya mlango haipiti. Octobot, roboti yenye umbo la pweza ya mwaka 2016, iliondoa vigumu vyote, ikitumia haidrojeni peroksaidi inayotoa gesi ikigusa platinamu, lakini ilipunga mikono tu, haikutambaa. Ukiona video, tafuta kwanza mpira wa hewa unaotoka nje ya picha.

Siikatai teknolojia kwa kuwa jeshi limeilipia. ARPANET, mtandao wa mwanzo wa kompyuta, ilianza 1969 kwa fedha za idara hiyohiyo, na intaneti inayotuletea video hizi imetokana nayo. Ninachotaka ni hofu ya barazani ihamie mahali pake: mzigo uliobebwa, nani anasikiliza upande wa pili wa redio, na picha za ndani ya nyumba ya mtu zinahifadhiwa wapi, kwa muda gani. Kwetu nyumba ina heshima yake. Mtu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa anarudi alikotoka, hata kama anajua wenyewe wamo ndani.

Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina agizo namba 3000.09, lililotolewa 2012 na kusasishwa Januari 2023, linalotaka silaha zinazojiendesha ziache nafasi ya uamuzi wa binadamu katika kutumia nguvu. Ni agizo la silaha. Toleo la 2012 lilisema kabisa kwamba halihusu vyombo visivyo na rubani na visivyo na silaha. Kwa maandishi hayo, roboti laini iliyoingia chumbani na kamera na maikrofoni peke yake ilikuwa nje ya agizo.