Nilivyoipata Bonsai Yangu ya Mepo Kutoka Kwenye Tawi

Ninaishi mkoani Saitama, kaskazini mwa Tokyo, karibu na mtaa wa bonsai (miti inayokuzwa ikiwa midogo kwenye vyungu) wa Omiya, ulioanzishwa mwaka 1925 na watunza miti waliohama Tokyo baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1923. Katika bustani za mtaa huo nilijifunza kuutazama mti kuanzia chini, kwa maana mepo ya Kijapani (mti uitwao maple kwa Kiingereza) husifiwa kwanza kwa mizizi yake ya juu, ile inayotambaa pande zote na kuungana na shina, na ndipo jicho hupanda kwenye matawi. Nilipoamua kuzalisha mti wangu mwenyewe, nilichagua njia ambayo ingeniwezesha kuipanga mizizi hiyo tangu siku yake ya kwanza.

Mbegu sikuzichagua, kwa kuwa huhitaji kukaa kwenye unyevu na baridi kwa takriban miezi mitatu kabla ya kuota, na mche unaotokana nazo haufanani kikamilifu na mama yake. Anayetaka aina ya Deshojo, yenye majani mekundu wakati wa kuchipua, hataipata kwa mbegu. Vipandikizi vya matawi machanga hutoa mizizi, lakini huchukua miaka mingi kunenepa, na miche ya kubebeshwa, yaani iliyounganishwa kwenye shina la mche mwingine, mara nyingi hubaki na kovu shinani ambalo, kwa maoni yangu, huharibu mti mdogo kuliko kasoro nyingine yoyote. Nilibakiwa na njia ambayo Wajapani huiita toriki, yaani kuotesha mizizi tawini wakati tawi bado linalishwa na mti mama.

Nilifanya kazi hiyo mwanzoni mwa Juni, majani yakiwa yamekomaa na mvua za msimu zikikaribia kuanza, kwa sababu unyevu wa hewa wa majira hayo husaidia sana. Kwenye tawi nene la mti wa bustanini nilitafuta mahali palipopinda kidogo chini ya panda, nikijua kwamba hapo ndipo pangekuwa kitako cha bonsai. Nilimenya pete ya gome yenye upana wa karibu mara moja na nusu ya unene wa tawi, kisha nikakwangua ute wote wa kijani hadi mti mweupe ukaonekana, kwani ukibaki hata uzi mwembamba wa ute huo, gome hujiunga tena na mizizi haitoki. Maji huendelea kupanda kupitia mti wa ndani, ilhali chakula kinachotengenezwa na majani, ambacho hushuka kupitia gome, hukwama kwenye ukingo wa juu wa jeraha, na hapo ndipo mizizi huchipuka. Nilipaka homoni ya mizizi ukingoni, nikafunika jeraha kwa sfagnamu, yaani kuvumwani linaloshika maji, iliyolowekwa na kukamuliwa, nikazungushia plastiki na kuifunga juu na chini, kisha nikaifunika isipigwe na jua.

Baada ya miezi kama miwili mizizi myeupe ilianza kuonekana. Nilisubiri igeuke kahawia na kutoa matawi yake ndipo nikakata chini yake, nikaupanda mti pamoja na sfagnamu yake, kwa kuwa mizizi michanga hukatika kwa kuguswa tu, na nikaufunga kwa waya kwenye chungu ili upepo usiutikise.

Mwishoni mwa majira ya baridi yaliyofuata, kabla machipukizi hayajafunguka, niliutoa mti chunguni, nikakata mizizi yote iliyoelekea chini na kuitandaza iliyobaki kama miali ya jua juu ya akadama, udongo wa mfinyanzi wa Kijapani wenye chembechembe. Kwangu hiyo ndiyo hatua iliyoamua sura ya mti wote.

Uundaji wa matawi ulikuwa kazi ya kucha za vidole zaidi ya mkasi. Majani ya mepo hutoka mawili mawili yakitazamana, na kila jozi inapofunguka mimi hufinya ncha changa ya katikati, ili pingili zibaki fupi na tawi ligawanyike. Upogoaji mkubwa huufanya majani yakishapukutika, na si karibu na kuchipua, kwa sababu wakati huo jeraha huvuja maji kwa wingi, kisha hupaka dawa ya vidonda vya miti. Gome la mepo ni laini, kwa hiyo hutumia waya wa alumini kuyakunja matawi, na majira ya ukuaji huukagua kila wiki usije ukazama gomeni, na ninapouondoa huukata vipande vipande badala ya kuukunjua.

Kwa walioniuliza kutoka Dar es Salaam na Mombasa kama wanaweza kufanya hivi huko, mepo huhitaji kulala majira ya baridi, kwa hiyo hudhoofika kwenye joto la mwaka mzima. Mikuyu na mingine ya jamii yake hukubali utaratibu huu huu wa kumenya pete, tena hutoa mizizi kwa haraka zaidi.